Ajali na Dhima ya Mwenye Petroli

Kuna mambo ambayo watu wa elimu huyaacha kwa mafundi na wachuuzi, wakidhani kwamba hayana la kumfundisha mtu juu ya wema na ubaya. Namna ya kuweka petroli ndani ya dumu ni moja katika hayo. Mtu akitaka kuandika juu ya uadilifu, aghalabu huanza na haki ya mtawala na raia, au ahadi ya mume na mke, au deni la mwana kwa mzazi. Haanzi na chupa iliyosimamishwa nyuma ya mlango. Mimi nitaanza hapo, kwa sababu hapo ndipo nilipoulizwa swali ambalo vitabu vyangu vyote havikuwa vimenifundisha kulijibu. Mtu akiweka kitu cha hatari pahali watu wengine wanapoishi, nao hawana habari nacho, ana deni gani kwao? Na deni hilo huanza lini: siku ya madhara, au siku ile alipokiweka?

Kwanza yafaa tukijue kitu chenyewe. Watu wengi wa umri wangu tulilelewa katika mwanga wa mafuta ya taa. Tuliyaona yakimiminwa katika koroboi na kandili, tuliyabeba katika chupa kutoka dukani, tuliyamwaga kando ya jiko la tambi bila ya kushtuka, na mara nyingi kiberiti kiliwashwa karibu yake pasitokee neno. Adabu tuliyojifunza kwa mafuta ya taa ndiyo tuliyoichukua tukaipa petroli, mfano wa mtu aliyezoea kufuga mbuzi akapewa chui, akamfunga kwa kamba ile ile. Mafuta ya taa katika joto la kawaida hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto. Sharti yapashwe mpaka nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi, na ndiyo sababu yanahitaji utambi. Petroli haingoji kupashwa. Hutoa mvuke uwezao kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hata kilele cha Kilimanjaro hakiijui. Basi hapa Dar es Salaam, jua la Februari linapopiga mabati, petroli iliyo katika chombo kisichofungwa vema haikai pale ilipowekwa. Husafiri.

Husafiri, wala haonekani msafiri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu au nne. Haupandi juu ukatoweka kama moshi. Hushuka, ukatambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango, ukajikusanya katika shimo, katika pembe na mvunguni mwa kitanda. Hewa ikichanganyika na mvuke huo kwa kadiri ya sehemu moja na nusu tu katika mia, yatosha kuwaka. Jiko la mkaa lililo chumba cha pili, sigara ya mgeni aliyekaa kizingitini, cheche ya swichi ya taa: chochote katika hivyo chaweza kuuita moto, nao moto ukarudi kwa njia ile ile uliyoijia mvuke mpaka kwenye chombo. Mwenye mali husema, "Petroli yangu iko chumbani mwangu." Kweli iko chumbani mwake, lakini hatari yake haiko humo peke yake. Ukuta uliojengwa kugawanya mali ya mtu na mali ya jirani haukujengwa kugawanya mvuke.

Sasa tutazame chombo. Lugha yetu ina neno debe, na katika masoko ya Tanzania mpaka leo mahindi hupimwa kwa debe, ijapokuwa debe lenyewe sasa aghalabu ni la plastiki. Walioleta kipimo hicho hawakuwa wakulima. Kilikuja na bati la galoni 4 lililoletea watu mafuta ya taa na petroli katika zama za ukoloni. Mafuta yalikwisha, bati likabaki, nalo likaanza maisha ya pili yaliyokuwa marefu kuliko ya kwanza: likachota maji, likapima nafaka, likakunjuliwa likawa ukuta na paa, likapigwa likawa ngoma. Jeshi la Waingereza lilipopigana katika jangwa la Afrika ya Kaskazini tangu mwaka 1940, lilibeba petroli yake katika mabati membamba ya galoni 4 namna hiyo, na sehemu kubwa ya mafuta ilivuja njiani ikanywewa na mchanga. Wajerumani walikuwa na chombo chao cha lita 20, kilichobuniwa mwaka 1937: nusu mbili za chuma zilizounganishwa kwa kuchomelewa, vishikio vitatu ili watu wawili waweze kulibeba moja kati yao, kifuniko cha kubana, nafasi ya hewa ndani yake, na alama ya msalaba ubavuni iliyowezesha chuma kutanuka joto linapozidi. Waingereza waliyateka madumu hayo, wakayapenda kuliko yao, wakayaiga, wakayaita kwa jina la utani walilowapa Wajerumani. Ndiyo asili ya neno jerikeni ambalo ndugu zetu wa Kenya na Uganda hulitumia.

Nimeyataja haya kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo sisi huwa tunalipita. Dumu lile halikubuniwa kwa kuwa petroli ilikuwa imebadilika. Petroli ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja alikaa akajiuliza: chombo hiki kitabebwa na nani, kitaangushwa wapi, kitakaa juani muda gani, na kitafunguliwa na mtu aliyechoka kiasi gani? Katika kila kona ya chombo kile pana fikira juu ya mtu asiyekuwapo. Nayo ndiyo maana ya hadhari: kumfikiri mtu asiyekuwapo. Ajabu ni kwamba fikira nzuri namna hiyo ilizaliwa katika matayarisho ya kuua watu, lakini historia ya vyombo imejaa maajabu ya namna hiyo, wala si shauri letu leo.

Sisi tumerithi adabu ya debe. Chombo hakitupwi, hubadilishwa kazi. Adabu hiyo ni njema, tena imewaokoa maskini wengi, nami siidharau. Lakini ina upungufu mmoja. Chombo kikibadilishwa kazi, huendelea kusema neno lake la kwanza. Dumu la njano la mafuta ya kula, hata likitiwa petroli, bado husema "chakula" kwa kila alionaye. Chupa ya maji husema "maji". Tena kuna chombo kisemacho "mimi ni mtupu". Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, wakikusudia mtu mjinga wa maneno mengi. Hawakukusudia petroli, lakini mafundi wa kuchomelea wangeweza kuwapa maana ya pili. Pipa lililojaa petroli halina nafasi kubwa ya hewa ndani yake, na kila mtu hulikalia mbali. Pipa lililomwagwa mpaka tone la mwisho limejaa mvuke na hewa kwa kadiri ile ile ipendwayo na moto, na fundi huliendea na mtambo wake wa kuchomelea kwa moyo mtulivu, kwa sababu ameambiwa kwamba halina kitu.

Katika mwaka 2011, umeme ulipokuwa wa mgawo nchini Tanzania, nilinunua jenereta ndogo. Nilikuwa nimepanga pamoja na jamaa tatu nyingine katika nyumba moja ya Dar es Salaam, yenye ua mmoja, bomba moja na jiko la nje la shirika. Petroli niliitia katika dumu la njano la lita 20, lililokuwa la mafuta ya kula. Na kwa kuwa dumu lilikuwa zito kulimimina katika tangi dogo, nilikuwa nikipunguza kidogo kidogo katika chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu. Chupa hiyo niliisimamisha uani, kando ya mlango wangu, kifuniko kimewekwa juu juu. Sikuiandika kitu. Kwa nini niandike? Mimi nilijua kilichomo.

Alasiri moja mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka 7, alirudi kutoka chuoni na kiu yake. Akaiona chupa, akaamini ilivyosema, akavuta mkupuo mmoja. Nilikuwa ndani nikisahihisha insha za wanafunzi, nikasikia kikohozi ambacho sitakisahau. Watu walikimbilia. Mmoja alisema apewe maziwa. Mwingine, kwa wema wake, alimtia kidole kooni akamtapisha. Hospitalini tabibu alitueleza kwamba tulikuwa karibu ya kumwangamiza kwa huruma yetu: petroli iliyomezwa haiogopwi sana tumboni kama inavyoogopwa mapafuni, na anayetapishwa hupewa nafasi ya pili ya kuivuta ndani ya pumzi. Ndivyo wanavyoharibika pia wale wafyonzao petroli kwa mpira na mdomo. Mtoto alilala huko siku 5, mbili kati ya hizo akisaidiwa pumzi. Akapona.

Aliporudi, mama yake alisimama uani akaniambia, "Shemeji, ni ajali tu. Mungu amemnusuru." Nami nilijibu, "Kweli, dada, tumshukuru Mungu." Nikaingia ndani. Nyumba ile ilikuwa na jenereta mbili, yangu na ya mpangaji mwingine, na katika ghasia ile hapana aliyeuliza chupa ilikuwa ya nani. Sikusema. Nilijiambia kwamba sikuulizwa.

Mimi ni mwalimu wa lugha, basi usiku ule neno ajali lilinikaa kooni. Tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina maana ya muda uliokadiriwa, ukomo aliowekewa mja. Na katika Kiswahili cha wazee lilikuwa na maana ya majaliwa, jambo lililoandikwa. Siku hizi twalitumia kwa kila gari lipinduliwalo na kila nyumba iunguayo. Twasema ajali haina kinga. Sisemi kwamba methali hii ni uongo, kwa kuwa yako mambo ambayo hapana mkono wa mtu uwezao kuyazuia. Lakini tazama kazi tunayoitwisha. Tukimwagiwa madhara na uzembe wa mtu, twamnyang'anya mtu yule tendo lake tukalipandisha mbinguni. Mama yule alilitumia neno hilo kwa imani na kwa upole; mimi nililipokea kama mtuhumiwa apokeavyo msamaha asioustahili. Kwa bahati lugha yenyewe ina methali nyingine yenye neno hilo hilo la kinga, lakini kwa maana ya kijinga cha moto: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja hakiwaki vizuri peke yake. Mkono ulioweka chupa na mkono ulioichukua vilikutana, na wa kwanza ulikuwa wangu.

Watu watatu hubishana nami katika jambo hili, nao wote nimewapata katika nafsi yangu.

Wa kwanza husema kwamba nyumba ni yangu, petroli nimeinunua kwa fedha yangu, na hapana mtu mwenye haki ya kuniuliza. Hoja hii si ya leo, wala jibu lake si la leo. Katika mwaka 1868 mahakama kuu kabisa ya Uingereza ilihukumu kesi ya Rylands na Fletcher, ambayo kwa njia ya ukoloni iliingia pia katika sheria za Afrika ya Mashariki. Mtu mmoja alijengewa bwawa la maji katika ardhi yake; maji yakapenya katika mashimo ya zamani, yakafurika mgodi wa makaa wa jirani. Mwenye bwawa hakuwa na uzembe wake binafsi. Wajenzi ndio waliokosea. Hata hivyo mahakama ilisema kwamba aletaye juu ya ardhi yake, kwa manufaa yake mwenyewe, kitu ambacho kikitoroka kitadhuru, hukiweka kwa dhima yake. Na katika mwaka 1919, katika kesi ya Musgrove na Pandelis, kanuni hiyo ilitumika kwa motokaa yenye petroli iliyowekwa chini ya vyumba alimokaa mtu mwingine. Dereva asiye na ustadi aliwasha injini, moto ukatokea, naye hakufunga bomba la petroli upesi. Vyumba vya juu vikaungua. Majaji wa zama zetu wameitilia mashaka hukumu ile ya pili, na hoja zao zina uzito, kwa kuwa haiwezekani kila motokaa kuhesabiwa simba aliyefugwa. Lakini ninachokitaka humo si fidia. Nataka ile picha: mtu analala juu, na chini yake mtu mwingine ameweka kitu, na usingizi wa wa juu uko mikononi mwa wa chini. Watu wa pwani hawakuhitaji kungoja majaji wa Uingereza. Fikihi waliyosomeshwa vyuoni ina kanuni kwamba pasiwe na kudhuru wala kudhuriana, na katika mifano yake jirani hutajwa mbele. Mali ni ya mwenyewe, nakubali. Hatari si mali. Hatari huwa ni ya shirika mara tu inapoanza kuwako, ijapokuwa faida yake ni ya mmoja.

Wa pili ni mtu wa mazoea. Husema, "Nimeweka petroli mvunguni miaka 10, sijaona kitu." Yeye ni mgumu kuliko wa kwanza, maana hasemi uongo. Kweli hajaona kitu. Lakini hesabu yake ni ya ajabu: kila siku isiyo na moto huiandika katika daftari ya werevu wake, hali kwa haki yastahili kuandikwa katika daftari ya bahati yake. Nimewaona watu wakijaza dumu la plastiki likiwa juu ya gari, limekaa juu ya zulia au turubai la plastiki, na wakiambiwa walishushe chini hucheka. Petroli inapopita kwa kasi katika mpira na kuingia chomboni huzaa umeme mdogo wa msuguano. Dumu likiwa juu ya ardhi, na mdomo wa mpira ukigusa mdomo wa dumu muda wote wa kujaza, umeme ule hupata njia ya kushuka. Likiwa juu ya plastiki hukaa ukingoja, na cheche yake hutoka pale pale kwenye mvuke. Yamkini utajaza hivyo mara elfu pasitokee neno. Mara ya elfu na moja haitatofautiana na zilizotangulia kwa lolote uliwezalo kuliona. Kadhalika mtu ajazaye dumu mpaka pomoni ili apate thamani ya fedha yake yote. Hajui kwamba petroli hutanuka kwa joto, na kwamba ile nafasi ya lita moja iachwayo katika dumu la lita 20 haikupunjwa na mwuza petroli. Na yule atiaye petroli katika jenereta ingali moto kwa sababu mpira unaendelea katika televisheni na watoto wanalalamika. Huyo mwisho simhukumu kwa ukali, nimekuwa yeye. Jenereta haichukui muda mrefu kupoa, lakini dakika za giza ni ndefu.

Mazoea hayo yana dhambi iliyofichika. Mtu afanyaye hatari kila siku huacha kuiona, na akiacha kuiona hawezi tena kumwonya mwingine. Mtoto hawezi kujifunza hofu ambayo baba yake amekwisha isahau.

Wa tatu ni maskini, na mbele yake sauti yangu hupungua. Katika vijiji vyetu vingi kituo cha petroli kiko mbali, mwendo ambao pikipiki ingemaliza nusu ya mafuta yake kwa kuyafuata. Basi kando ya njia pana meza, na juu ya meza pana chupa zilizokuwa za maji na soda, na ndani yake pana petroli, na nyuma yake amekaa mama au kijana anayelisha watu kwa faida ya shilingi chache za kila lita. Mgonjwa akipelekwa zahanati usiku kwa pikipiki, petroli ya meza hiyo ndiyo iliyompeleka. Nani atamwendea mwuzaji huyo na kesi ya Rylands mkononi? Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukikopesha watu wajenge vituo vidogo vijijini, na hilo ni jibu bora kuliko mahubiri yangu. Mpaka vituo hivyo vienee, sehemu ya dhima ya chupa zile iko kwetu tulio mjini, ambao petroli hutujia kwa bomba na paa na mtu wa kuturudishia chenji.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, Morogoro; watu wakaenda na madumu kukinga petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya watu 100. Ilikuwa hivyo Sachangwan katika Kenya, tarehe 31 Januari 2009, wakafa zaidi ya 100. Na Sange katika Kongo, tarehe 2 Julai 2010, wakafa zaidi ya 200. Kila mara walio salama walisema neno moja: tamaa. Nalichukia neno hilo pale. Madumu mawili ya petroli yalikuwa na thamani ya kibarua cha siku nyingi, na aliyekwenda nayo alikwenda kwa akili ile ile iliyotufundisha sote kwamba kimwagikacho kisipokingwa ni hasara. Aliijua thamani ya petroli kwa sababu kila siku huambiwa bei yake. Juu ya mvuke wake ni nani aliyemwambia?

Hata hivyo sitamwachia maskini dhima yote iondoke, kwa kuwa kumwondolea mtu dhima yote ni kumwondolea utu wake. Chombo cha chuma chekundu kina bei, naye hana fedha, hilo limekwisha. Lakini kufunga kifuniko hakuna bei. Kubandua karatasi ya maji na kuandika PETROLI kwa wino wa kudumu hakuna bei kubwa. Kuweka chupa nje kivulini, mbali na jiko, juu ya kimo cha mtoto, ni jambo la kutembea hatua 10. Ukweli ni sehemu ya hadhari ambayo maskini na tajiri huimudu sawasawa, na ndiyo sehemu niliyoshindwa mimi, mwenye shahada tatu na kalamu mfukoni. Sikukosa chombo. Chuma kingetoboka, mpira ungepasuka, ningekuwa na la kujitetea. Chupa yangu haikuvuja hata tone. Ilikuwa nzima, imesimama wima, ikimwambia mtoto uongo kwa niaba yangu.

Kwa hiyo nasema kwamba deni halianzi siku ya madhara. Kama mtoto yule angepita bila ya kiu, ningelikuwa na kosa lile lile, tofauti ikiwa ni kwamba nisingelijua. Najua wako wanafalsafa wasemao kwamba tendo hupimwa kwa matokeo yake, na kwamba chupa isiyomdhuru mtu haina ubaya. Nimewafundisha wanafunzi hoja hiyo kwa heshima. Lakini yeyote aliyewahi kusikia kikohozi kile hawezi kuridhika kwamba ubaya ulianza koo lilipochomeka. Ulikuwapo tangu asubuhi, umesimama kando ya mlango, nami niliupita mara tatu nikienda bombani.

Nilikaa wiki tatu na ukimya wangu. Katika muda huo nilinunua chombo cha chuma cha lita 10, nikakipaka rangi nyekundu, nikaandika jina la kilichomo pande mbili. Nikatengenezewa sanduku la mbao lenye matundu, nikaliweka pembeni mwa ua penye kivuli cha mwembe, mbali na jiko la shirika. Nilifanya yote hayo kwa bidii, na nadhani bidii ile ilikuwa njia ya kulipa bila ya kuonekana nikilipa. Lakini sanduku jipya katika ua wa watu wanne halifichiki. Jioni moja mama yule aliniuliza ni la nini, nami nikamwambia ni la petroli. Kisha nikamwambia kwamba chupa ile ilikuwa yangu.

Hakushangaa. "Nilijua, shemeji," akasema. "Ilikuwa na karatasi ya maji mnunuayo ninyi."

Nilingoja aseme zaidi, ama kunilaumu ama kunisamehe, hakusema. Alinitaka nilifungue sanduku. Akainama, akakijaribu kifuniko cha chombo kwa mkono wake mwenyewe, akakibana zaidi ya nilivyokibana mimi. Kisha akauliza ufunguo wa kufuli hukaa wapi. Nikamwonyesha msumari nilioupigilia katika mhimili wa mlango wangu. Akausimamia, akapima kimo chake kwa kiganja kutoka bega lake, akaniambia niupandishe juu zaidi. Nikaenda kuchukua nyundo.